Usiku wa Kwanza wa Mtoto Anayeharisha
Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa Heru Juu



Kila aliyelea mtoto katika milima hii anaujua usiku wa namna hii. Baridi imeshuka, moto wa jikoni umefunikwa kwa majivu, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mwenye uzito wa kilo kumi, anaamka akilia. Nguo zimelowa kinyesi cha majimaji. Nusu saa haijapita, anaharisha tena. Kabla ya jogoo wa kwanza kuwika ameharisha mara tano na kutapika mara mbili. Zahanati itafunguliwa asubuhi. Njia ni ya mteremko, na kama mvua imenyesha, udongo mwekundu unateleza kiasi cha kumwangusha hata mtu mzima asiyebeba kitu. Bodaboda wa usiku si rahisi kupatikana, na akipatikana bei yake si ya mchana.

Kwa hiyo saa zenye uzito kuliko zote katika ugonjwa huu hazipiti mikononi mwa daktari. Zinapita mikononi mwa mama, bibi, baba au dada mkubwa, mbele ya mwanga wa tochi ya simu. Mazungumzo haya yanahusu saa hizo.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba kuhara kunamuua mtoto kwa sababu maji yanamwisha mwilini. Mtoto yule wa kilo kumi ana takriban lita sita za maji mwilini mwake. Akipoteza nusu lita tu, dalili zinaanza kuonekana: kiu isiyotulia, midomo mikavu, macho yanayodidimia, kilio kisicho na machozi. Akipoteza lita moja, maisha yake yako hatarini, kwa maana damu inapungua wingi na moyo unakosa cha kusukuma. Lita moja ni jagi dogo la mezani, na mtoto anayeharisha na kutapika usiku kucha anaweza kulimaliza jagi hilo kabla ya mapambazuko. Mtu mzima hupoteza kiasi kama hicho na kuendelea na shamba lake, na pengine ndiyo sababu watu wazima huudharau ugonjwa huu wanapouona kwa watoto.

Tiba yake ni ya kawaida mno kiasi kwamba wengi hawaiamini. Utumbo wa mtoto anayeharisha umeshindwa kufyonza maji peke yake, na hata chumvi peke yake haiyavuti vizuri. Lakini ndani ya ukuta wa utumbo kuna mlango ambao ugonjwa hauufungi: chumvi na sukari zikifika pamoja, kwa kipimo kinachofaa, mlango huo huzipokea zote mbili kwa mkupuo, na maji huzifuata. Wataalamu waliofanya kazi Dhaka na Kolkata katika miaka ya 1960 waliliona jambo hilo kwa wagonjwa wa kipindupindu. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwakimbiza mamilioni ya watu hadi India, na katika kambi ya Bangaon kipindupindu kikaingia. Dripu zikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika maji na kuwakabidhi ndugu wa wagonjwa vikombe wawanyweshe wenyewe. Pale ambapo takriban wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa, vifo vikashuka hadi chini ya 4. Mwaka 1978 jarida la kitabibu la The Lancet liliandika kwamba huenda ugunduzi huo ndio mkubwa kuliko wote wa karne katika tiba. Katika kambi ile waliowanywesha wagonjwa wengi walikuwa mama zao, dada zao na jirani zao.

Watu wa Kigoma hawana haja ya kwenda mbali hadi India kuupata mfano. Mwezi Mei mwaka 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana katika kijiji cha wavuvi cha Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kisha wakasafirishwa na meli kongwe ya Liemba hadi Kigoma mjini na kutoka hapo kuletwa kambi ya Nyarugusu, hapa Kasulu. Kipindupindu kilizuka, na wagonjwa wakafikia maelfu. Watu wapatao thelathini walipoteza maisha, na kila mmoja wao ni wa kuhuzunikiwa. Lakini kipindupindu kisichotibiwa huweza kuua hadi nusu ya wanaougua vibaya. Tofauti hiyo ilitokana na dripu kwa waliozidiwa, na kwa walio wengi, vikombe vya maji ya chumvichumvi.

Sasa turudi katika nyumba ile ya mlimani.

Pakiti iliyoandikwa ORS inapatikana zahanati, na pia katika duka la dawa muhimu. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano inafaa iwe na pakiti mbili muda wote, zimehifadhiwa mahali pakavu, pale pale panapowekwa kadi ya kliniki. Kosa linalotokea mara nyingi ni katika kupima maji. Pakiti nyingi zimetengenezwa kwa lita moja kamili, lakini zipo za nusu lita, hivyo maandishi ya nyuma yasomwe kabla ya kuifungua. Chupa kubwa ya maji ya dukani kwa kawaida ni lita moja na nusu, wala si lita moja. Anayemimina pakiti humo anapata dawa iliyopoa nguvu. Kwa chupa ndogo za nusu lita, mbili zilizojaa ndizo lita moja. Wengine humwaga nusu ya pakiti kwenye kikombe cha chai ili ibaki nusu ya kesho, na hilo ni hatari kubwa zaidi: mchanganyiko unakuwa mkali, chumvi inazidi mwilini, na mtoto anazidi kudhoofika badala ya kupata nafuu. Pakiti ichanganywe yote kwa wakati mmoja, katika maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa ya klorini. Yakikosekana usiku huo, yatumike maji safi kuliko yote yaliyomo ndani ya nyumba, wala mtoto asisubirishwe. Mchanganyiko wenyewe hauchemshwi. Ufunikwe, na ukipita saa ishirini na nne umwagwe na kutengenezwa mwingine.

Na kama pakiti hakuna? Sukari na chumvi vipo karibu kila jikoni. Vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa mgongo wa kisu, katika lita moja ya maji. Si vya kurundika. Anayetengeneza aonje kwanza: ladha ikiwa na chumvi kuliko machozi, amwage na kuanza upya. Mchanganyiko huu wa nyumbani haulingani na ule wa pakiti, kwa kuwa hauna potasiamu, lakini unamfikisha mtoto asubuhi.

Namna ya kunywesha nayo ina utaratibu wake. Kila baada ya kuharisha, mtoto chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa. Mwenye miaka miwili na zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Kwa mtoto mdogo kijiko ni bora kuliko kikombe, na kikombe ni bora kuliko chupa ya chuchu, ambayo husafishika kwa shida. Akitapika, wengi husema dawa imekataa na kuacha. Haijakataa. Asubiriwe dakika kumi, kisha aanze tena polepole, kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili au tatu. Hata anayetapika hubakiza sehemu kubwa ya alichokunywa. Kazi hii inachosha, wala hakuna sababu ya kuificha: ni kijiko baada ya kijiko kwa saa nne au tano, mgongo ukiuma na usingizi ukishika macho. Kwa hiyo si ya mtu mmoja. Baba anayejua kuhesabu mifuko ya mbolea anaweza kuhesabu vijiko, na zamu ya saa moja kwa kila mtu mzima aliyemo nyumbani inamwezesha mama kupumzika na kunyonyesha.

Kunyonyesha kusikome. Mtoto anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, mchana na usiku. Aliyeanza kula aendelee kula: uji, ndizi zilizopondwa, viazi, mchuzi wa maharage, kidogo kidogo na mara kwa mara. Ile desturi ya kulipumzisha tumbo kwa kumnyima mtoto chakula imewadhoofisha watoto wengi, na mtoto aliyedhoofika ndiye anayeshikwa na kuhara tena mwezi unaofuata. Vinavyofaa kuepukwa ni soda, juisi za dukani na chai ya sukari nyingi, kwa kuwa sukari ikizidi huyavuta maji kutoka mwilini kuyarudisha utumboni, yaani kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Akishapona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili ili auokote uzito alioupoteza.

Pamoja na chumvichumvi kuna vidonge vya zinki. Shirika la Afya Duniani na UNICEF vilielekeza mwaka 2004 kwamba kila mtoto anayeharisha apewe vyote viwili. Mtoto chini ya miezi sita hupewa miligramu 10 kwa siku, ambayo ni nusu ya kidonge cha miligramu 20. Mwenye miezi sita na zaidi hupewa kidonge kizima. Kinayeyushwa kwenye kijiko chenye maziwa ya mama yaliyokamuliwa, maji safi au chumvichumvi. Muda wake ni siku kumi hadi kumi na nne, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu, na hapo ndipo wengi wanapolegea. Zinki inaharakisha kupona, lakini pia inampa mtoto kinga kwa miezi miwili au mitatu ijayo, na kinga hiyo haipatikani kwa vidonge vitatu.

Ipo sehemu ya mazungumzo haya isiyosemwa kwa urahisi, nayo ni maneno yanayozunguka nyumba usiku huo.

La kwanza ni la meno. Husemwa kwamba mtoto anaharisha kwa sababu anaota meno, basi aachwe tu. Ukweli ni kwamba meno huanza kuota katika umri wa miezi sita hivi, na katika umri huo huo mtoto anaanza kula vyakula vingine, anatambaa chini walipopita kuku, na kila anachokishika anakitia kinywani, huku kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama yake ikipungua. Meno na kuhara hukutana njiani kama wasafiri wawili. Mmoja hakumzaa mwingine. Katika sehemu mbalimbali za nchi wapo pia wanaosema mtoto ana meno ya plastiki, na kumpeleka kwa mtu anayeyachimbua kwenye ufizi kwa njiti ya baiskeli au kisu. Kinachong'olewa pale ni chipukizi la jino lenyewe. Mtoto aliyekwisha kupoteza maji anaongezewa kupoteza damu, na chuma kile kinaweza kumwachia pepopunda au virusi vya UKIMWI. Hakuna adabu inayomtaka mzazi anyamaze jirani yake anapoelekea huko.

La pili ni zito zaidi, kwa sababu linagusa heshima. Mtoto akiharisha na kukonda, watu hunong'ona kwamba amebemendwa: kwamba wazazi wake walikutana mapema mno, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa, au mama ameshika mimba nyingine angali ananyonyesha. Mara nyingi anayenyooshewa kidole ni mama. Neno hilo linamfungia mlango. Mama anayejua kwamba akionekana kliniki na mtoto aliyekonda atahesabiwa kuwa mkosaji, atamficha mtoto ndani, atatafuta dawa za siri, na siku zitapita. Mtoto huyo atafikishwa zahanati siku ya nne badala ya ya kwanza. Vimelea vya kuhara huingia kwa mdomo, kutoka katika kinyesi, kupitia maji, mikono, nzi na vyombo. Tabia za wazazi usiku haziwezi kuviumba. Heru, ambayo Mwami wake wakati mmoja alikuwa mwanamke, Theresa Ntare, haipaswi kuwa mahali ambapo mama anahukumiwa mbele ya mtoto mgonjwa bila kusikilizwa. Na mama mkwe ndiye mwenye uwezo wa kulikata neno hilo mapema, kwa kusema tu mbele ya wote: mpelekeni mtoto, nami nitakwenda naye.

La tatu ni la dukani. Asubuhi baba anatumwa kununua dawa ya kufunga tumbo. Dawa za namna hiyo hazifai kwa mtoto mdogo. Zinaweza kuzuia utumbo usifanye kazi huku ugonjwa ukibaki ndani. Vidonge vya antibiotiki na vile vya amiba navyo havisaidii katika kuhara kwingi kwa kawaida kwa watoto, ambako husababishwa na virusi. Vina kazi yake panapokuwa na damu kwenye kinyesi, au kipindupindu, na mwenye kuamua ni mtoa huduma aliyempima mtoto. Fedha iliyokusudiwa dawa hizo inatosha kununua chumvichumvi na zinki, na huenda ikabaki.

Zipo hali ambazo kijiko cha nyumbani hakitoshi, na safari haingoji kupambazuke. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya. Mtoto anayetapika kila kitu. Mwenye degedege, au aliyelegea na haamki vizuri. Mwenye damu kwenye kinyesi. Ambaye ngozi ya tumbo lake, ikibanwa kwa vidole viwili na kuachiwa, inarudi taratibu kama kitambaa kilicholowa. Ambaye hajakojoa kwa saa sita. Ambaye kinyesi chake kinamwagika kama maji yaliyooshea mchele, bila kukoma. Mtoto wa chini ya miezi miwili apelekwe hata bila dalili hizo, na vivyo hivyo mtoto aliyekuwa na utapiamlo tangu awali. Homa, au kuhara kunakoendelea bila nafuu kwa siku mbili au tatu, nako kunatosha kumfikisha kituoni. Huko njiani kijiko kiendelee, ikiwa mtoto anaweza kumeza. Mwenye kubeba abebe mtoto, na mwingine abebe kikombe.

Kwa mujibu wa sera ya nchi, matibabu ya watoto chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali hayalipiwi, kwa hiyo ukosefu wa fedha usimbakize mtoto nyumbani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji naye anaweza kugongewa mlango. Chanjo ya rota, inayozuia kirusi kinacholeta kuhara kukali zaidi kwa watoto wachanga, inatolewa nchini tangu kuanza kwa mwaka 2013. Ni matone ya mdomoni, akiwa na umri wa wiki sita na tena wiki kumi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004/05 ulikuta watoto 112 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 43. Chanjo na chumvichumvi zimo katika safari hiyo. Bado 43 ni wengi.

Kuhusu kinga ya nyumbani, mengi yamekwisha kusemwa katika kampeni ya Nyumba ni Choo, na hapa litaongezwa moja tu linalopuuzwa: kinyesi cha mtoto. Hutupwa nyuma ya mgomba kwa kudhaniwa hakina madhara, ilhali kinabeba vimelea vingi sawa na cha mkubwa. Kitupwe chooni, na aliyekitupa anawe mikono kwa sabuni kwenye kibuyu chirizi kabla ya kugusa uji. Chemchemi za mabondeni, hata zinapong'aa, hupokea kila kinachoteremshwa na mvua kutoka juu. Maji yake yachemshwe. Mahali ambapo bomba limeharibika, taarifa ipelekwe kwa jumuiya ya watumia maji, na ikikawia huko, ifikishwe ofisi ya RUWASA ya wilaya.

Kunapokucha na mtoto kupelekwa zahanati, muuguzi atauliza maswali machache, na majibu yake humsaidia kuliko maelezo marefu. Kuhara kulianza saa ngapi. Ameharisha mara ngapi tangu hapo, na ametapika mara ngapi. Kuna damu au hakuna. Amekojoa mara ya mwisho lini. Amekunywa nini, na kiasi gani. Simu ya mkononi ina mahali pa kuandika. Asiye na simu achore mistari ya mkaa ukutani kila mtoto anapoharisha, aihesabu kabla ya kutoka, kisha achukue kadi ya kliniki, khanga ya pili ya kumfunika na baridi ya asubuhi, na kile kikombe chenye chumvichumvi iliyobaki.